Fundi, Diski Haionekani

Mwishoni mwa miaka ya tisini, kufunga hadidiski ya pili kwenye kompyuta ilikuwa kazi ya macho na kucha. Nyuma ya diski, kati ya tundu la umeme na lile la waya mpana wa data, kulikuwa na pini ndogo zilizopangwa mistari miwili, na juu yake kijiplastiki tulichokiita jampa. Ukikichomeka hapa, diski ni masta. Ukikihamishia pale, ni slevu. Waya mmoja ulibeba diski mbili, na zote zikijitangaza masta, mara nyingi hata ile ya zamani iliyokuwa nzima nayo ilipotea. Jampa ikidondoka chini ya meza, kazi inasimama, watu wazima tunapiga magoti na tochi.

Ukimaliza hapo, unaingia baiosi, programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows. Mashine nyingi zilizotufikia Dar es Salaam zilikuwa za mtumba, na zile kongwe hazikujua kuitambua diski zenyewe. Unasoma karatasi iliyobandikwa juu yake, unaandika silinda, vichwa na sekta kwa mkono wako. Baiosi za zamani ziliishia silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, yaani megabaiti 528 basi. Kilichozidi, kwa mashine, hakikuwepo. Kisha kuigawa kwa fdisk, kisha kufomati, asilimia zinapanda taratibu huku unaomba umeme usikatike.

Windows XP ilipokuja tukadhani tumepona. Toleo la awali, kabla ya Service Pack 1 ya mwaka 2002, lilikuwa halihesabu zaidi ya gigabaiti 137, kwa hiyo mteja aliyenunua diski ya 160 alijiona amepunjwa. Nyaya za SATA zikatuondolea masta na slevu, kila diski na waya wake mwembamba. Lakini ukitaka kupakia XP kwenye diski ya SATA, mara nyingi kisakinishi kilikuambia hakuna diski kabisa. Dawa ilikuwa kubonyeza F6 mapema, dakika ikikupita umekosa, halafu kuingiza flopi yenye draiva. Flopi! Na kompyuta nyingi mpya zilikuwa zimeshaacha kuwekewa sehemu ya flopi.

Tangu hapo ugonjwa ulihama kutoka mikononi kwenda kwenye skrini, na kwangu huo ndio mbaya zaidi, maana haukupi kitu cha kushika. Mzee mmoja alinirudishia diski mpya kabisa.

"Mwanangu, umeniuzia kopo tupu."

"Shikamoo mzee. Hebu tuifungue kwanza."

Baiosi iliiona. Windows nayo iliiona, ila haikuipa herufi, kwa sababu ilikuwa haijaanzishwa wala kugawanywa. Nikamfungulia Disk Management, nikamwonyesha ule mstari mweusi. Tukaianzisha, tukaigawa, tukaifomati, mstari ukageuka bluu na herufi E ikatokea. Hakucheka. Aliuliza kwa nini kiwandani hawamalizi kazi yao, na kusema kweli swali lake lina uzito.

Kioja cha zama hizo kilikuwa diski za terabaiti 3 kusomeka gigabaiti 746. Draiva za zamani zilihesabu sekta mpaka terabaiti 2 hivi, zikifika mwisho zinaanza tena sifuri, kwa hiyo ulichokiona ni masalia. Mpangilio wa kugawa diski wa MBR nao una ukomo huohuo. Diski kubwa kuliko hapo inataka mpangilio wa GPT.

Sasa diski ni kipande chembamba cha NVMe kinachoshikwa na skrubu moja. Unakichomeka na kwa kawaida kinatambulika hapohapo. Halafu inaletwa laptopu ya mwanafunzi, ya Intel kizazi cha 11, kisakinishi cha Windows kinasema hakuna diski. Kwenye mashine nyingi za aina hiyo kuna kitu kinaitwa VMD kinachosimama kati ya kisakinishi na diski, na kisakinishi hakina draiva yake. Unaitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji, unaiweka kwenye flashi, unaipakia. F6 ileile, imebadilisha nguo tu. Vijana wengi huzima VMD ndani ya baiosi, na kwa mashine tupu hakuna ubaya. Ila kama tayari ina Windows iliyosakinishwa VMD ikiwa imewashwa, inaweza kugoma kuwaka kabisa, kwa hiyo mimi napita njia ya flashi.