Chanjo kwa Wenye Saratani ya Damu

Jenerali Colin Powell alifariki dunia tarehe 18 Oktoba 2021, akiwa na umri wa miaka 84. Katika uhai wake alishika madaraka makubwa ya jeshi na ya serikali ya Marekani, na kati ya mwaka 2001 na 2005 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Jamaa zake walitangaza kuwa amekufa kwa madhara ya UVIKO-19, na kuwa alikuwa amekwisha kuchanjwa kikamilifu. Tangazo hilo halijapoa, wale walioishuku chanjo walilidaka neno la pili, wakaliacha jambo la tatu, ambalo lilijulikana siku ile ile: marehemu alikuwa na mieloma, saratani ya chembe za damu zikaazo katika uboho wa mifupa. Kifo kimoja kikafanywa shahidi wa jambo ambalo hakikuliona.

Chanjo haiui ugonjwa. Kazi yake ni ya mwalimu amwonyeshaye mwanafunzi sura ya adui kabla adui hajafika. Wanafunzi ni chembe nyeupe za damu, na hasa zile ziitwazo chembe B. Zikisha kufundishwa, baadhi yake hugeuka zikawa viwanda vya kingamwili, na nyingine hutunza kumbukumbu. Mieloma ni ugonjwa wa viwanda hivyo vyenyewe. Lukemia sugu ya limfositi na limfoma nyingi ni magonjwa ya chembe B. Mwalimu aweza kuwa hodari kupita wote, lakini afanyeje ikiwa darasa limeungua?

Dawa nazo huongeza pigo. Rituximab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997, imeokoa maisha ya wagonjwa wengi wa limfoma, na si haki kuitaja kwa lawama tu. Lakini dawa hiyo hushika alama iliyo juu ya chembe B na kuziua, mbovu na nzima pamoja, kwa kuwa haina jicho la kuzitenga. Kwa miezi mingi baadaye mwili hauna wa kufundishwa.

Mwaka 2021 matabibu wa Israeli walipima damu ya wagonjwa 167 wa lukemia sugu ya limfositi waliokwisha kupata sindano mbili za chanjo ya Pfizer. Katika kila mia, waliotoa kingamwili hawakutimia 40. Hesabu hiyo yahuzunisha, ila yenye mafunzo zaidi ni migawanyo yake. Waliokuwa wamemaliza matibabu na ugonjwa umetulia, walioitika ni 79 katika mia. Wasiopata kutibiwa bado, 55. Waliokuwa katikati ya matibabu, 16. Na katika wale waliopata dawa za jamii ya rituximab ndani ya miezi 12 iliyotangulia, hakuitika hata mmoja. Wote hao wana ugonjwa wa jina moja! Amwulizaye tabibu kama chanjo yafaa wenye saratani ya damu hana budi kuulizwa naye: mgonjwa yupi, na katika mwezi gani wa matibabu yake?

Ndiyo sababu matabibu hupenda kuchanja majuma mawili au zaidi kabla ya dawa kuanza, au kungoja kama miezi sita baada ya rituximab, pale ugonjwa unaporuhusu kungoja. Na mara nyingi hauruhusu. Tena kingamwili si jeshi lote. Ziko chembe T, ambazo huweza kuitika hata pale kingamwili zisipoonekana. Sindano ya tatu nayo iliwaamsha baadhi ya walionyamaza baada ya mbili, na Marekani iliiruhusu kwa watu wenye kinga dhaifu Agosti 2021. Kinga pungufu si sawa na kukosa kinga, ingawa katika mabishano ya barazani mambo hayo mawili huchanganywa kila siku.

Liko jingine lililo zito zaidi. Chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ile ya surua, zaweza kumdhuru mtu ambaye damu yake haina nguvu ya kuvizuia. Mtoto aliyepandikizwa uboho hupoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu ya chanjo zake zote za utotoni, akawa kama aliyezaliwa upya. Zile zisizo na virusi hai huanza kurudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita. Ya surua hungojewa kwa kawaida miezi 24, na zaidi ikiwa bado anatumia dawa za kupunguza kinga. Katika muda huo mtoto hurudi shuleni, hukaa dawati moja na wenzake, hucheza nao. Surua ikiingia darasani mle, itazuiwa njiani na chanjo walizopata wale wanaoketi kando yake, au haitazuiwa.