Elimu Inayohitaji Sikio

Miezi kadhaa sasa, baada ya Sala ya Isha na kufunga daftari la kamati ya msikiti, husikiliza mihadhara ya fizikia ya kwanta iliyorekodiwa mwaka 2013 katika chuo kikuu cha MIT, Marekani. Mhadhiri, Allan Adams, aanza na elektroni zenye sifa mbili, alizozipa majina ya rangi na ugumu. Elektroni zilizothibitika kuwa nyeupe hupimwa ugumu. Zikirudishwa kupimwa rangi, nusu yake hutoka nyeusi. Kipimo cha pili kimelifuta jibu la kwanza!

Rekodi ina subira. Hurudia mara kumi bila kuchoka. Ila haina sikio. Nasi tuliosoma mbele ya masheikh twajua kwamba mwanafunzi husikiliza, kisha naye husikilizwa. Kwa hiyo kila Jumamosi mdogo wangu, mwalimu wa hisabati, hunikalisha na kuniambia: "Haya kaka, nieleze bila kutazama." Hapo ndipo hujua nilichokielewa.

Ndugu wazazi, vijana wetu wana mihadhara tele simuni. Tuwape na sikio.