Nzuri, Ila

Hapa Taru salamu ina mkia mrefu. Hujambo, za asubuhi, za nyumbani, za mbuzi. Jibu ni "nzuri" hata ukame ukiwa umetumaliza, mabaya yanafuata baadaye, baada ya "ila."

Mimi nina usonji, na hiyo kanuni hakuna aliyenifundisha. Jirani aliuliza habari za nyumbani, nikamjibu: mbuzi wawili wamekufa, maji yameisha, jana usiku mama alilia. Mama hakunisemesha siku mbili.

Basi nikajifunza "nzuri." Nikawa namjibu kila mtu, na hakuna aliyenijua.

Mwaka jana, Mombasa, nilikutana na mtu mzima mwenzangu mwenye usonji. Hakuuliza kama nimeoa. Aliuliza, "Unapenda nini mpaka unasahau kula?" Malori, nikasema. Kwetu ni kando ya barabara kuu ya Nairobi. "Yale ya matairi 22, yanapita mangapi kwa siku?" Tukaongea saa tatu nzima. Kisha akasema amechoka, tukanyamaza, na hakuna aliyenuna.

Damian Milton, msomi wa Uingereza mwenye usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi hatuwasomi wengine vizuri, na wao hawatusomi sisi.

Niliporudi nyumbani nilimuuliza mama, "Usiku ule ulikuwa unalia nini?"

"Mimi mzima, mwanangu."

Nikavuta kigoda, nikangoja.

"Ila," akasema.