Lenzi Pana Imechelewa Kufika

Mpwa wangu hupiga picha za ndege wa majini akiwa amewapa mgongo. Hutega kamera hatua moja kutoka kwenye kiota, ndani ya kisanduku alichokivika mafunjo, kisha hurudi botini na kuketi, simu mkononi. Mnandi akirejea na koo lililojaa omena, kijana hugusa kioo, na kamera hupiga picha ishirini kwa sekunde bila kutoa hata mlio. Mimi hushika kasia nikichungulia juu ya bega lake. Sitajidai: wivu hunibana.

Nilipoanza kazi, katikati ya miaka ya 1980, Homa Bay na Migori zilikuwa bado wilaya moja, South Nyanza, na mpiga picha wa huku Ziwa Victoria alikula kwa vitambulisho, harusi na matanga. Ndege walikuwa wa Jumapili. Filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja niliyompa yangeyange ilikuwa sura ya mtu fulani isiyolipiwa. Lenzi ndefu niliiazima kwa padri mmoja aliyewapenda ndege, nadhani, kuliko mahubiri. Nilikuwa nikijibanza ufuoni Karungu, au kwenye mtumbwi ng'ambo ya Mbita, nikingoja mawimbi yatulie ili picha isicheze. Bado ninazo baadhi. Ndege ametoka vizuri, manyoya yanahesabika, jicho linang'aa. Nyuma yake kuna kitambaa cha kijani kilichofifia, basi. Ukinipa picha hizo leo bila maandishi ya nyuma siwezi kuapa kama ni Karungu, Naivasha au Uholanzi. Lenzi ndefu ndivyo ilivyo: humleta ndege karibu na kufuta mahali alipo.

Rimoti ilikuwepo, kama utakubali kuiita hivyo. Ilikuwa bomba jembamba la mpira, lenye kibofu upande mmoja na pini upande wa pili. Unafunga kamera mtini, unarudi nyuma bomba linapokuruhusu, unasimama kwenye mafunjo maji yakikufika kiunoni (na kichocho nacho kikikufika), halafu unaminya. Hewa inasukuma pini, kamera inalia klak, na kundi zima linainuka. Ndege watarudi, shida si hiyo. Shida ni kwamba kamera yangu haikuwa na mota. Ili kupata picha ya pili ilibidi uende mwenyewe ukavute filamu kwa kidole gumba, kisha uanze kungoja upya. Asubuhi nzima ilizaa picha moja. Kama fokasi ilikaa vibaya, utajua filamu ikirudi kutoka Kisumu, wakati makinda yamekwisha ota mbawa.

Hata hivyo lenzi pana nisingeweza kuitumia kutoka mbali kama ile ndefu. Lenzi ya milimita 20 haimwonei huruma aliye mbali. Mweke korongo mita kumi, atakuwa punje. Inataka uje karibu, urefu wa mkono, na ukikubali sharti hilo inakurudishia vyote: kiota na vijiti vyake, kinda lenye mdomo wazi, tawi, maji, mlima kule nyuma, mawingu ya masika. Mzaliwa wa Kenya Anup Shah alinifungua macho kwa kitabu chake Serengeti Spy cha mwaka 2012, baada ya kuficha kamera za rimoti nyikani na kuwaacha wanyama wazijie wenyewe. Kabla yake kidogo, mwaka 2009, ndugu wawili wa Uingereza, Will na Matt Burrard-Lucas, walikuwa wameendesha kigari chenye kamera mbele ya tembo na simba huko Tanzania. Simba wakakishughulikia.

Hao wote walikuwa nchi kavu. Kwenye kisiwa cha ndege kama Mbasa, jirani na Rusinga, adui wa kwanza wa kamera ni kinyesi. Kinanyesha kutoka matawi ya juu mchana kutwa, kinakauka kama chokaa juu ya kioo, na ukikifuta kwa haraka unakwaruza lenzi ya bei ya ndama. Kisha kuna mwanga. Yangeyange ni mweupe pe, mnandi ni mweusi tititi, na wanajenga mti mmoja. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, mmoja ataungua au mwingine atakuwa shimo. Mpwa wangu huipimia yangeyange na kufunga kila kitu, kisha hubana mkanda kwenye lenzi ili fokasi isihame tawi likitikiswa na upepo wa alasiri.

Kisanduku nacho hakiletwi siku moja. Kwanza huwekwa kitupu, mbali. Siku zinazofuata husogezwa kidogo kidogo, jua likishuka, mpaka ndege wanatua juu yake na kukichafua. Hapo ndipo kamera inaingia. Mayai yakiwa mapya hatuendi kabisa. Jua la ikweta huyapika mzazi akikaa nje kwa dakika chache, na kenge na mwewe hawahitaji hata hizo. Makinda ya mnandi yakishtuka sana hujirusha majini kabla ya wakati wake. Kuna vijana wanaokuja na droni siku hizi. Droni ikipita chini, kundi lote huruka kana kwamba mwewe ametokea, na aliye juu ya boti huona ni picha nzuri.

Makinda yakishtuka kidogo tu hutapika, na hapa ndipo ninapoanza kuwa mzee. Leo kinachotapikwa ni omena, karibu siku zote omena. Nilipokuwa mtoto chini ya miti hiyo tuliokota fulu: samaki wadogo wa aina nyingi mno, madume yao mekundu, ya samawati, ya manjano. Mbuta, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, aliwamaliza wengi wao kufikia miaka ya 1980. Watafiti katika Ghuba ya Mwanza waliona mnandi na mdiria wakihamia omena, na kwa kuwa omena ni mdogo, mdiria akalazimika kukamata wengi zaidi ili kulisha kiota kilekile. Hakuna aliyempiga picha ndege wa hapa akilisha kinda fulu mwekundu, kwa karibu, mimi nijuavyo. Vifaa vya kufanya hivyo vimefika samaki wakiwa wamekwenda.

Sisemi zamani ilikuwa pepo. Wavulana tulikula mayai ya ndege, na miaka ya 1990 gugumaji lilifunga ghuba yetu hata mitumbwi ikakwama. Lakini sasa tazama nyuma ya kiota katika picha za mpwa wangu. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita kiwango cha 1964, likameza fuo, vyoo, mashamba ya mtama. Miti iliyozama ikafa imesimama, na mnandi akaichukua. Si kila hasara ni yake. Kwa hiyo kiota kiko juu ya mti mkavu, na nyuma yake kuna paa la mabati linalotokeza majini, banda la samaki la zamani. Nyuma ya paa, vizimba vya samaki, safu kwa safu, vimefunikwa nyavu ili ndege hawahawa wasiibe. Ndani ya kiota chenyewe, katikati ya vijiti, kuna uzi wa buluu wa nyavu hizo. Lenzi pana haiachi kitu. Kinda liko mbele, mdomo wazi, na ukipenda usipende utaliona na anwani yake.

Mimi naona hizo ndizo picha bora zilizowahi kupigwa ghuba hii. Mwaka jana mteja mwenye nyumba za wageni aliitaka moja ya kutundika mapokezi, ila bila vizimba, bila bati, na ule uzi pia kama inawezekana. Nilikataa. Mpwa wangu hakukataa.

"Mjomba, ni dakika kumi tu kwenye kompyuta," aliniambia. "Na petroli inunuliwe na nani?"

Akafuta. Nyuma ya mnandi sasa kuna maji matupu na mlima, safi kabisa, na wageni huuliza ni wapi hapo. Nilinuna siku mbili tatu, mpaka nikazitoa zile picha zangu za lenzi ya padri kwenye bahasha. Nami nilifuta ziwa zima miaka na miaka, bila kompyuta.

Fedha za mteja yule zilinunua petroli ya kwenda Muhuru na betri mbili za akiba. Huko kuna jakana, yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani, ambaye dume ndilo linaloatamia mayai. Kiota chake huelea, kwa hiyo kamera nayo itabidi ielee. Kijana amekwisha kata ubao. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta jiwe la nanga.