Goma, Mji Juu ya Jiwe Jeusi

Tusikiapo habari za mji wa jangwani, mara twawaza mchanga, ngamia na mitende penye chemchemi. Lakini, ndugu wasomaji, jangwa laweza kuwa la mawe pia. Huko Goma, kando ya Ziwa Kivu, mvua hunyesha tele, ila mto hakuna: maji hupenya katika mawe meusi na kutoweka. Kwa hiyo ziwa ndilo chemchemi ya mji, na asubuhi twaona akina mama na watoto wakitoka ufukoni na madumu yao.

Mawe hayo yalimiminwa na Nyiragongo, mlima wa moto wenye kimo cha meta 3,470 hivi, kaskazini ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wakayachonga mawe yale yale, wakajenga kuta.

Je, mji wa mawe hula nini? Hulishwa na mashamba yanayouzunguka. Ajabu ni hii: majivu na mawe ya milima ya moto, yakiisha kulainishwa na mvua kwa miaka mingi sana, huwa udongo wenye rutuba. Kabichi hutoka Kibumba. Viazi, maharage na jibini hutoka Masisi. Mahindi na kahawa hutoka Rutshuru. Mengi hushuka kwa chukudu, chombo cha mti cha magurudumu mawili, ambacho kijana hukipanda mteremkoni na kukisukuma penye kilima.

Lakini njia ikifungwa, mji hufunga hata isipokuwa Kwaresima. Toka 2022 hadi 2024, kwa vita vya M23, wakulima wengi wa Rutshuru na Masisi walikimbilia makambi kando ya Goma. Waliokuwa wakiulisha mji wakapanga mstari kungoja posho, na mashamba yao yakaota magugu. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliuteka mji wenyewe.

Mlima wa moto huchoma shamba, kisha baada ya vizazi vingi hulirudishia rutuba. Vita huchoma, wala havina cha kurudisha. Basi tubarikipo chakula mezani, tumwombee aliyekilima, na njia yake iwe na amani.