Roboti ya Dhahabu na Neno Nililomwambia Mwanangu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo sitaandika juu ya karo wala mitihani. Napenda kuzungumzia kichezeo: roboti inayogeuka kuwa gari. Najua wapo watakaocheka. Mtu mzima, mwalimu, baba wa watoto wanne, anakusanya vichezeo? Ni kweli, nakusanya. Ninazo roboti kumi na moja, na leo nitaeleza habari ya moja, uzuri wake na ubaya wake, kama ninavyomweleza yeyote anayetaka kumnunulia mtoto wake. Lakini hii ina kisa, na kisa chenyewe kinanihusu mimi kuliko roboti.

Mimi ni mtu wa Ludara, Koboko. Vita vya mwaka 1979 vilipofika kwetu West Nile, watu wengi walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan, na familia yetu ilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Kule uhamishoni hakuna aliyetununulia kitu cha kuchezea. Tulitengeneza magari ya waya, magurudumu tukiyakata kwenye kandambili zilizochakaa, na usukani wa waya mrefu ili mtu aendeshe huku amesimama. Gari likivunjika, unalikunja upya. Nadhani mapenzi yangu ya vitu vinavyogeuka yalianzia hapo.

Roboti za namna hii niliziona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi Mbale, kwa mwenzetu mmoja aliyeletewa na ndugu yake kutoka nje. Asili yake ni Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa ikiuza magari na ndege zinazogeuka kuwa roboti tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikachukua vichezeo hivyo, ikavipa majina na hadithi, ikaviuza kwa jina la Transformers pamoja na katuni ya televisheni. Lile lori jekundu ambalo watoto wengi wanalijua, Optimus Prime, lilikuwa limeshauzwa Japani mwaka mmoja kabla, kwa jina jingine. Filamu ya mwaka 2007 ndiyo iliyolifanya jina hilo lifike hata kwa watoto ambao hawakuwahi kuiona katuni. Baada ya hapo kampuni nyingi, kubwa na ndogo, zenye jina na zisizo na jina, zimetengeneza roboti zao.

Roboti yangu ya dhahabu niliinunua Kampala mwaka 2003, soko la Owino, kwenye rundo la vichezeo vya mitumba. Kampuni iliyoitengeneza siitaji, kwani kusudi langu si kumchafulia mtu jina. Muuzaji alitaka shilingi elfu sita, tukakubaliana elfu nne. Nikaifunga ndani ya kanzu yangu, nikapanda basi la Arua.

Sasa sifa zake. Urefu wake ni shubiri moja. Ikiwa gari, ni gari la mbio la rangi ya dhahabu, na ndani ya plastiki kuna unga unaometameta kama mchanga wa mtoni juani. Kuigeuza ni hivi: unavuta boneti, inashuka na kuwa kifua. Milango inafunguka pembeni, mikono inatoka. Sehemu ya nyuma unaigawa katikati, unaikunjua, inakuwa miguu. Kichwa kinatokea mwisho kabisa, kama cha kobe. Hakuna kipande kinachobaki mkononi, na unaweza kuirudisha kuwa gari bila kutazama karatasi ya maelekezo. Kwa ufundi huo, kama mwalimu, niliipa alama 9 kwa 10. Nikaiweka kwenye rafu ya juu chumbani kwangu, pamoja na zile nyingine.

Wapo ndugu walioniuliza kama inafaa kuweka nyumbani kitu chenye umbo la mtu. Mimi si mufti, na swali hilo waulizwe wanaojua. Ninachokijua ni kwamba wanazuoni wengi wameruhusu vya kuchezea watoto, na miongoni mwa dalili zao ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud. Mtume (s.a.w.) aliona kati ya wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.) farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Akauliza, farasi ana mabawa? Bibi Aisha akamjibu kwamba farasi wa Nabii Sulayman walikuwa na mabawa. Mtume akacheka. Hadithi hii naipenda sana, kwani farasi anayeruka si mbali na gari linalosimama kwa miguu miwili. Lakini tazameni, ruhusa ile ilikuwa ya mtoto acheze. Mimi niliichukua ruhusa ya watoto nikaipandisha rafuni, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Ikawa Ijumaa moja mwaka 2014. Nimerudi kutoka msikitini nikaikuta roboti ya dhahabu mkekani, mguu wa kulia umekatika kwenye nyonga. Mwanangu wa pili, umri wake miaka tisa, amekaa kando yake. Kigoda alichopandia bado kiko chini ya rafu.

Akaniambia, "Baba, niliigeuza polepole, kama unavyoigeuza wewe. Imekatika yenyewe."

Nikamjibu, "Kitu hakijikati chenyewe. Wewe ni mwongo."

Mama yangu alikuwa barazani akichambua maharage. Watoto wawili wa jirani walikuwa mlangoni. Wote walisikia. Kisha nikachukua gari lake la waya, alilolitengeneza kwa mikono yake kama nilivyofanya mimi utotoni, nikalifungia sandukuni. Nikasema hatalipata mpaka atakaposema kweli. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, baba," akatoka. Muda wa wiki saba hakuingia tena chumbani kwangu. Nikimwita anasimama mlangoni.

Usiku ule mama aliniambia neno moja. "Mwanangu, mtoto aliyedanganya hukimbia. Huyu alikaa akakungoja." Nilimsikia, lakini sikumsikiliza.

Baadaye nikataka kuiunganisha roboti yangu. Nikatafuta kwa simu ni gundi gani inafaa, nikakuta maneno ya wakusanyaji wa nchi nyingine. Wao wanalo jina la jambo hili: ugonjwa wa plastiki ya dhahabu. Vichezeo vingi vya mwishoni mwa miaka ya 1980 na vya miaka ya 1990 vilivyotengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na ule unga unaometameta, plastiki yake hudhoofika kadiri miaka inavyopita. Nje unaona inang'aa, ndani imekuwa kama biskuti. Huanzia sehemu nyembamba, kwenye bawaba na pini, na hata kilichokaa ndani ya boksi lake bila kuguswa kinaweza kukatika siku ya kwanza kinapogeuzwa. Gundi haisaidii, kwani pembeni ya ulipounganisha patakatika tena.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikakaa kimya muda mrefu.

Siku ya pili baada ya Alasiri nilimwita mwanangu. Nilimwita na mama yangu, na wale watoto wawili wa jirani, kwa sababu neno langu walilisikia wao, na haikufaa nilirudishe faraghani. Nikaweka roboti mkekani. Mguu wa kushoto ulikuwa mzima, hakuna aliyeugusa tangu siku ile. Nikaushika kwa vidole viwili, nikauzungusha polepole kama mtu anayefungua kifuniko cha kalamu. Ukakatika. Vipande vidogo vya dhahabu vikamwagika mkekani. Watoto wa jirani wakacheka. Mwanangu hakucheka.

Nikasema, "Ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo juu yako. Nisamehe."

Alimtazama bibi yake kwanza. Halafu akasema, "Nimekusamehe, baba. Gari langu liko wapi?"

Ndugu zangu wazazi, nimefundisha kwa miaka mingi, na sijawahi kumpa mwanafunzi sifuri kabla ya kusoma karatasi yake. Mwanangu nilimpa. Aliniambia jambo ambalo mimi, mkusanyaji, ndiye niliyepaswa kulijua, na kwa kuwa sikulijua, nikamwita mwongo. Tunawafundisha watoto kwamba mtu akimdhulumu mwenzake amuombe msamaha. Basi na wao wana haki hiyo kwetu, tena mbele ya waliosikia.

Kwa wanaotaka kununua roboti hizi, Arua, Koboko au popote, nawashauri haya machache:

1. Kama ni ya zamani au ya mitumba, na plastiki yake ni ya dhahabu yenye kumetameta kwa ndani, usimpe mtoto. Rangi iliyopakwa juu ya plastiki ya kawaida haina shida hiyo.

2. Igeuze mbele ya muuzaji, kwenda na kurudi. Isiporudi kuwa gari dukani, haitarudi nyumbani.

3. Tazama pini za viungo. Plastiki ikionyesha weupe mahali inapopinda, iko karibu kukatika.

4. Yenye vipande vidogo vinavyochomoka usimpe mtoto aliye chini ya miaka mitatu, anaweza kukabwa.

5. Usinunue ya bei utakayoilia ikivunjika. Kama huwezi kuvumilia ivunjike, basi umejinunulia wewe, hukumnunulia mtoto.

Alama zangu za mwisho kwa roboti ya dhahabu: ufundi 9, uimara 1. Sikuitupa. Iko ndani ya kopo la maziwa ya unga, vipande vyote, juu ya meza yangu ya kusahihishia. Mwanafunzi akiletwa kwangu kwa kosa, akaniambia "mwalimu, sikufanya," mkono wangu hugusa lile kopo kabla mdomo haujafunguka.

Zile kumi nyingine zilishuka kutoka rafuni mwaka ule ule. Leo zilizobaki nzima ni sita. Mwanangu sasa ni kijana mkubwa, anasoma mbali na nyumbani. Akija likizo huwakuta watoto wa mtaa barazani wakizigeuza, naye hukaa nao mkekani kuwaonyesha namna ya kurudisha milango bila kuvunja mikono.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu kwa watoto wetu, Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.