Chupa ya Pesto na Viatu vya Binti Yangu

Nataka kuwaeleza habari ya chupa moja ya chakula. Kimo chake hakizidi kiganja cha mkono, lakini ilipoingia nyumbani mwangu ilifanya mambo makubwa. Najua wako watakaocheka. Na wacheke, mradi wasome mpaka mwisho.

Mimi ni karani wa parokia moja ya milimani katika mkoa wa Iringa. Nilisomea ualimu chuoni nikapata cheti, lakini kazi ya kufundisha sijaipata bado. Basi naandika vitabu vya ubatizo na ndoa, natunza hesabu, najibu barua. Mshahara wa karani wa parokia mnaujua, sina haja ya kuutaja.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 tulipata wageni wawili, mume na mke, kutoka Genoa, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Italia. Walikuja kutazama bomba la maji la kijiji, wakakaa majuma mawili. Jioni moja waliomba jiko la nyumba ya mapadre ili watupikie chakula cha kwao. Nami nilikuwa ofisini nikimalizia barua, nikaitwa mezani. Nikaona tambi zimechanganywa na viazi, na maharage machanga yale yanayoliwa pamoja na maganda yake, na juu ya vyote kitu cha kijani kibichi. Nikadhani ni kisamvu. Nilipotia kinywani nikajua sivyo. Kilikuwa na harufu ya majani, chumvi ya jibini na ukali wa kitunguu saumu, na mafuta laini. Nilikula sahani mbili. Ya tatu niliona haya kuiomba.

Yule mama Mtaliano alitueleza, na kwa mazoea ya ukarani niliandika kila neno katika daftari. Chakula hicho huitwa pesto, na jina lake latokana na neno la Kitaliano lenye maana ya kutwanga. Huko kwao hutumia kinu cha marumaru na mchi wa mti. Hutwanga majani machanga ya mrehani pamoja na kitunguu saumu, chumvi ya mawe na mbegu za msonobari, kisha hutia jibini ya ng'ombe na jibini ya kondoo zilizokunwa, na mafuta ya mzeituni. (Msonobari huo si huu wetu wa Sao Hill. Mbegu za wetu ni ndogo mno, hazifai kuliwa. Wa kwao una mbegu nene kama punje ya mahindi.) Wanauheshimu mrehani wao sana. Tangu mwaka 2005 sheria za Umoja wa Ulaya zinalinda jina la mrehani wa Genoa, hata usiolimwa katika jimbo lao la Liguria hauwezi kuuzwa kwa jina hilo.

Wageni wakaenda zao. Ladha ikabaki.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Mwezi wa Desemba nilitumwa Iringa mjini kununua karatasi na wino. Mke wangu alikuwa ameuza njegere za bustani yake, makopo 20, akapata Sh. 25,000. Fedha zote alinikabidhi mimi ninunue viatu vya shule vya binti yetu mkubwa, aliyekuwa anaingia darasa la nne. Viatu vyake vya zamani vilikuwa vimefunguka mbele kama mdomo wa mamba. Nikanunua karatasi, nikanunua wino. Nikiwa njiani kwenda kwenye viatu nikaingia katika duka moja kubwa, nikaiona ile chupa rafuni. Gramu 190, bei Sh. 15,000. Nilitoka nje mara mbili na kurudi mara mbili. Mara ya tatu nikailipia.

Nyumbani mke wangu akauliza, "Viatu viko wapi, baba watoto?" Nikasema namba ya mguu wake imekosekana. "Na chupa hii?" Nikasema ni zawadi, wale wageni wa Genoa wameituma. Wasomaji, kwa pumzi moja nilisema uongo mara mbili, mbele ya watoto, mimi niliyesomea kuwalea watoto wa wenzangu.

Labda ndiyo sababu jioni ile nilijitolea kupika mwenyewe. Nilikumbuka kisamvu, nami nikapika kama kisamvu: nikakaanga kitunguu, nikamimina theluthi ya chupa ndani ya mafuta ya moto, nikaongeza maji na chumvi, nikafunika ili kiive vizuri. Kikaiva kweli kweli! Jibini ikagandia chini ya sufuria, mafuta yakajitenga, rangi ikawa ya tope la masika, na harufu yote ikapanda na moshi. Chumvi nayo ilizidi, maana chupa ina chumvi yake na ya jibini. Mtoto wetu mdogo akauliza kama ni dawa ya minyoo.

Mke wangu hakucheka. Aliichukua chupa, akaifungua, akainusa kwa muda. Yeye ni mtu wa Tanga. Akasema, "Hii ni rehani. Kwetu pwani wanawake huitia katika vikuba pamoja na asumini, wakajipamba nayo. Nanyi mnaikaanga?" Kisha akauliza kama wale wageni waliiweka motoni. Nikafungua daftari. Humo nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Isipikwe. Maji ya tambi, nusu kikombe." Nimeandika, nimepigia mstari, wala sikusoma tena. Hiyo ndiyo hasara ya makarani.

Kesho yake akapika yeye. Aliinjika maji mengi katika sufuria kubwa na chumvi kidogo tu. Akatanguliza viazi vilivyokatwa vipande vidogo, vilipoanza kulainika akatia maharage machanga, kisha tambi. Kabla ya kumwaga maji aliteka nusu kikombe, yale maji mazito yenye wanga wa tambi na viazi. Katika bakuli aliweka vijiko vinne vikubwa vya pesto, akailegeza kwa maji hayo kidogo kidogo mpaka ikawa kama uji mwepesi. Ndipo akaiepua sufuria, akachanganya vyote mbali na moto. Rangi ikabaki kijani. Tulikuwa watu watano, tukala tukashiba, na mtoto wa dawa ya minyoo akalamba sahani.

Tangu siku hiyo nilijifunza kwamba chakula hiki, ijapokuwa ni majani yaliyotwangwa, si mboga ya kupikwa bali ni kiungo cha mwisho, na joto la chakula chenyewe latosha. Mkishika hilo mtaweza kukitumia na vyakula vyenu vya kila siku, wala si lazima tambi. Jumanne mke wangu alipika supu ya maharage yenye boga, karoti na kabichi, na baada ya kuepua akakoroga ndani yake vijiko viwili. Baadaye nilisoma kwamba watu wa Genoa nao hufanya hivyo hivyo na supu yao ya mboga. Jumatano asubuhi alikata kiporo cha ugali vipande bapa, akavikausha juu ya kikaango mpaka vikashika ganda, akapaka juu yake kidogo sana, kama mtu apakavyo siagi. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Nawe usishangae, maana Waitaliano wa kaskazini wana ugali wao wa mahindi waitao polenta, nao ukilala huukata na kuubanika vivyo hivyo.

Mayai ya kuchemsha yalikubali. Dagaa walikataa kabisa, maana samaki mkavu na jibini havikai nyumba moja. Siku ile tulikula kwa kuogopa hasara tu.

Jambo la kutunza nalo si dogo. Chupa ikiisha kufunguliwa yataka jokofu, nasi hatuna. Nilimwomba mpishi wa nyumba ya mapadre aihifadhi, nami nikawa naifuata kila jioni kama mtu anayefuata maziwa. Hapo katikati ilipungua kijiko kimoja ambacho sisi hatukukila, lakini sitaki ugomvi na mpishi. Asiye na jokofu wala jirani mwenye nalo asinunue, au aimalize siku ile ile na watu wengi. Isikae mezani siku nyingi kwa kutumaini mafuta yaliyo juu.

Siku ya Alhamisi, ilipobaki kidogo, binti yetu mkubwa aliishika chupa akaanza kusoma maandishi yake. Nilimfundisha mwenyewe kusoma kila karatasi anayoiona. Nikamsaidia maneno ya kigeni: mafuta ya alizeti, mrehani, jibini, korosho. Korosho! Kumbe chupa nyingi za dukani haziwi na mbegu za msonobari, kwa kuwa ni ghali mno, hutiwa korosho badala yake, na mafuta ya alizeti badala ya mzeituni au pamoja nayo. Nikaanza kuwaeleza watoto habari za Mtwara, na jinsi korosho zetu nyingi huuzwa na maganda yake kwenda India na Vietnam zikabanguliwe huko. Nilikuwa ninafurahi kama mwalimu aliyepata darasa lake. Nikasema ye yote ambaye mwili wake unakataa korosho asionje kabisa chakula hiki, maana aweza kuumwa sana.

Binti yangu akaigeuza chupa chini juu. Akasema, "Baba, hapa chini kuna jina la duka la Iringa. Na hapa wameandika 15,000."

Hakuna aliyesema neno. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Halafu aliuliza swali moja tu: "Hiyo ni makopo mangapi ya njegere?" Hesabu niliijua, maana mimi ndiye niliyeiandika siku ya kuuza. Makopo 12. Nilimjibu. Akaniuliza tena, na safari hii alitaka niwaambie watoto. Nikawaambia yote: duka, viatu, wageni ambao hawakutuma kitu. Binti yangu alitazama miguu yake, wala hakulia. Afadhali angalilia.

Shule zilipofunguliwa Januari 2025 alikwenda na viatu vile vile, nimevifunga kwa mpira wa baiskeli. Nilimwuza jogoo wangu, na usiku nikawaandikia vijana barua za kuomba kazi kwa malipo kidogo. Katika juma la tatu nikaenda mjini, safari hii na mke wangu, naye akashika fedha. Viatu vikapatikana. Namba ile ilikuwapo tele.

Sasa watu huniuliza, je, pesto ya chupa yafaa kwa nyumba ya kijijini? Nami najibu kama karani. Chupa moja ilikuwa na vijiko vikubwa kumi na viwili hivi. Ukiondoa nilivyoviunguza na kile cha mpishi, ilitupa milo mitano mizuri na mmoja wa dagaa. Kwa Sh. 15,000 ni ghali kuliko nyanya na vitunguu kwa milo hiyo hiyo, wala haishibishi yenyewe. Ukipewa zawadi, ipokee kwa furaha. Ukitaka kununua, keti kwanza na mwenzako mkubaliane mbele ya fedha.

Mke wangu yeye ameipata njia yake. Ndugu zake wa Tanga walimpelekea mbegu za mrehani, akazipanda katika kopo. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu huudhoofisha mmea huo, basi huliingiza kopo jikoni usiku, karibu na mafiga. Jumapili huchuma majani kiganja kimoja, akatwanga katika kinu kidogo pamoja na kitunguu saumu, chumvi, karanga zilizokaangwa kidogo na mafuta ya alizeti. Jibini hatuna, tunakula hivyo hivyo na viazi. Si pesto ya Genoa, na mtu wa Genoa angetukemea. Lakini kitabu cha mapishi cha Giovanni Battista Ratto, kilichochapwa katika mji huo huo mwaka 1863, kilimruhusu aliyekosa mrehani kutumia majani mengine, basi sioni kwa nini sisi tuogope karanga. Nyumbani tunaiita kisamvu cha Kitaliano.

Chupa yenyewe bado ipo. Mke wangu aliiosha akaweka chumvi ndani yake, nayo hukaa mezani kila siku. Kibandiko cha bei chini yake hakukibandua.